Alama za kidato cha kwanza zilipomfuata binti wa mwaloni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa sekondari, wazazi, na yeyote anayemsaidia mwanafunzi kuomba nafasi katika vyuo vinavyochagua sana, hasa vya Marekani. Majina, shule, kata na miaka nimeviondoa. Mwanafunzi mwenyewe humu namwita Binti. Yeye na mama yake waliisoma rasimu, wakanirekebisha mahali pawili, wakaniruhusu niendelee. Mimi ni mwalimu mstaafu jijini Mwanza, nawasaidia vijana kujaza maombi ya vyuo. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu, na nimeyaeleza yalivyokuwa.

Usuli

Binti amekulia upande wa Ilemela, karibu na mwalo ambako mitumbwi ya dagaa hushusha alfajiri. Mama yake hununua dagaa wabichi kwa ndoo, huwaanika, kisha huwapeleka kwa magunia soko la Mwaloni, Kirumba. Baba alikwenda visiwa vya ziwani kuvua na fedha zake zikaacha kufika. Binti ndiye mkubwa katika watoto wanne.

Anayeijua kazi ya dagaa anajua kuwa inaendeshwa na mwezi. Wavuvi huwavuta dagaa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Likirudi giza, mitumbwi hutoka kila usiku, na kila asubuhi mzigo unasubiri mikono ya kuanika. Dagaa hawangoji. Wasipotandazwa mapema wanaharibika, wakinyeshewa wanageuka chakula cha kuku na bei inaanguka. Mtu mmoja hawezi kuwatandaza, kuwageuza, kufukuza kunguru na kuchungulia mawingu kwa wakati mmoja. Katika nyumba hii mtu wa pili alikuwa Binti.

Alimaliza darasa la saba kwa daraja B, mitihani yote isipokuwa Kiingereza ikiwa kwa Kiswahili. Akachaguliwa shule ya kata, ya kutwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hapo akakutana na jambo ambalo watoto wengi wa shule za msingi za serikali hukutana nalo: baada ya wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, Baiolojia, Jiografia, Historia na hata Uraia vikawa kwa lugha ambayo hakuwahi kuitumia nje ya kipindi chake.

Ripoti ya mwisho wa kidato cha kwanza ilisema hivi: Hisabati 19, Fizikia 24, Baiolojia 28, Kemia 31, Jiografia 33, Kiingereza 34, Historia 37, Uraia 40, Kiswahili 76. Naomba msomaji autazame tena mstari wa mwisho. Mimi mwenyewe niliupita mara ya kwanza.

Kidato cha pili, katika upimaji wa kitaifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, alipata daraja la nne kwa pointi 27 (katika mitihani hii pointi chache ndizo bora): B ya Kiswahili, D tano, F tatu.

Mambo yakabadilika kidato cha tatu. Shangazi yake anayeishi Buzuruga alimchukua akae kwake, na kutoka pale shule ikawa karibu. Mama akaingia katika kikundi cha akina mama wanaokopeshana, wakajenga vichanja vya pamoja na kupeana zamu za kuanika, hivyo mkono wa mtoto haukuhitajika tena asubuhi ya shule. Na shuleni akapata mwalimu wa Baiolojia aliyewataka wanafunzi wagawe kila ukurasa wa daftari safu mbili: kushoto maelezo ya Kiingereza, kulia mwanafunzi aandike kwa Kiswahili chake alichoelewa. Asiyeweza kujaza safu ya kulia alihesabiwa hajaelewa, hata kama ya kushoto ameikariri.

Kidato cha nne akapata daraja la kwanza, pointi 16: A ya Kiswahili, B za Baiolojia, Jiografia na Uraia, C nne ikiwamo ya Hisabati, na D ya Fizikia. Akapangiwa shule ya bweni ya wasichana mkoa wa jirani, tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia.

Mambo yalivyokwenda

Alinijia likizo ya Juni, akitoka kidato cha tano. Alikuwa amesikia redioni kwamba vipo vyuo Marekani vinavyolipa kila kitu kwa mwanafunzi asiye na uwezo. Akaniamkia, akaketi, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha darasa la saba, matokeo ya kidato cha nne na ripoti mbili za kidato cha tano.

"Za kidato cha kwanza na cha pili ziko wapi, mwanangu?"

"Ziko nyumbani, mwalimu. Nilifikiri hazina kazi."

Hakukosea kwa mazingira yetu. Ukiomba chuo kikuu hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu inaangalia matokeo ya kidato cha sita: kiwango cha chini kwa jumla ni masomo mawili yenye ufaulu mkuu na jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Programu nyingine huongeza masharti ya kidato cha nne. Kidato cha kwanza hakuna anayekiulizia. Ndiyo maana mtoto akipata 28 ya Baiolojia akiwa na miaka kumi na minne, tunamwambia atulie, ukweli ni kidato cha nne. Ni maneno ya kweli kwa njia moja tu.

Chuo cha Marekani kinachochagua sana husoma kitu kingine. Kinataka alama za sekondari mwaka hadi mwaka, kwao darasa la 9 hadi la 12, pamoja na barua ya shule inayoeleza huyu ni nani na alisoma katika mazingira gani. Wanaosoma maombi huangalia alama zimetoka wapi zikaenda wapi. Vipo vyuo visivyohesabu mwanzo: mfumo wa Chuo Kikuu cha California hukokotoa wastani wake kwa masomo ya darasa la 10 na la 11, na alama za mwaka wa tisa haziingii katika hesabu hiyo. Nilipoliona hilo nilifurahi, kisha nikasoma zaidi: mfumo huohuo haumpi mwanafunzi wa kigeni msaada wa kifedha kwa kigezo cha uhitaji. Mlango uliosamehe alama za mwanzo ulikuwa na ada ambayo mwalo mzima usingeilipa.

Tuliomba mara mbili, Binti akiwa kidato cha sita na tena mwaka uliofuata.

Mara ya kwanza tuliomba vyuo vinane, karibu vyote kupitia Common App, mtandao unaomwezesha mwombaji kutuma fomu moja kwa vyuo vingi. Mtihani wa SAT, unaotumika kuomba vyuo vya Marekani, aliufanya Dar es Salaam. Alikwenda kwa basi, akalala kwa jamaa, na asubuhi akakaa mbele ya kompyuta mpakato ya kuazima, kwa kuwa nje ya Marekani mtihani huo umekuwa wa kompyuta tangu 2023. Hakuwahi kufanya mtihani wowote kwenye kompyuta. Akapata 1190 kati ya 1600. Insha yake, isiyozidi maneno 650, ilihusu umaskini wa nyumbani. Mimi ndiye niliyemsukuma huko.

Mwezi Februari chuo kimoja kikatuandikia baruapepe kikitaka rekodi zote za sekondari kuanzia mwaka wa kwanza. Tukatuma matokeo ya kidato cha pili yalivyo, karatasi tupu yenye daraja la nne, bila neno lolote la kuambatana nayo.

Mwishoni mwa Machi majibu yakaja. Saba yalikuwa ya kukataliwa. Cha nane kilimkubali, lakini msaada wake uliacha pengo la zaidi ya dola 11,000 kwa kila mwaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwalimu, hayo ni magunia mangapi?" Tukaanza kupiga hesabu nyuma ya daftari la mikopo la kikundi. Tulipofika katikati, yeye mwenyewe akaweka kalamu chini.

Mei akafanya mtihani wa kidato cha sita. Julai matokeo yakatoka: B ya Baiolojia, B ya Jiografia, C ya Kemia, daraja la kwanza la pointi 7.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, na ndio ninaoujutia. Kwa kuwa vyuo vya Marekani hutaka miaka minne, nilihesabu kurudi nyuma: cha sita, cha tano, cha nne, cha tatu. Kidato cha kwanza na cha pili vikabaki nje. Si udanganyifu; hesabu ile inakubalika, na vyuo vingi havihitaji zaidi. Lakini sikuifanya kwa ajili ya utaratibu. Niliifanya kwa sababu niliziona alama zile nikaona aibu kwa niaba yake, na mtoto huyasoma mambo ya namna hiyo usoni mwa mwalimu kabla hayajasemwa.

Uamuzi wa pili ulihusu mjomba wake. Mjomba, kwa mapenzi kabisa, alikuja na pendekezo kwamba ripoti za zamani zinaweza "kuandikwa upya": karatasi zenye nembo zipo, muhuri unapatikana. Nilimweleza mambo mawili. Kwanza, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili huwekwa na NECTA mtandaoni shule kwa shule, na ripoti yenye A zinazopishana nayo itamwangusha siku hiyohiyo. Pili, mwombaji anatia sahihi kwamba kila alichotuma ni cha kweli, na chuo kinaweza kufuta nafasi hata mtoto akiwa amekwisha kufika darasani. Binti ndiye aliyemaliza mazungumzo. "Mjomba, zile alama ni zangu," alisema. Hatukulirudia tena.

Uamuzi wa tatu ulikuja baada ya matokeo ya kidato cha sita. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha hapa nchini, fani ya sayansi ya viumbe vya majini. Je, aanze huku akiomba tena? Tatizo ni kwamba akishaanza shahada, vyuo vingi vya Marekani humwona kama mwanafunzi wa kuhamia, na fedha za wanaohamia ni chache. Tulikaa na mama na shangazi jioni mbili. Shangazi aliogopa kuacha ndege wa mkononi, na hofu yake ilikuwa na haki yote. Kilichotusaidia ni kuona kwamba matokeo ya kidato cha sita yangemruhusu kuomba tena vyuo vya hapa dirisha lijalo la udahili. Wakakubali mwaka mmoja tu, usiozidi. Mama ndiye aliyeutaja muda huo, na aliutaja mara tatu.

Uamuzi wa nne ni ule wa kurudi shule ya kata kutafuta kidato cha kwanza.

Mwalimu wa taaluma alitupokea vizuri, lakini alipoulizwa fomu za alama za miaka ile alishika kichwa. Stoo ilikuwa na vitabu vya zamani, madawati yaliyovunjika, na rundo la makaratasi ambalo upande mmoja lilikuwa limeliwa na mchwa. Tulikaa chini siku mbili, yeye, mimi na Binti, tukipanga karatasi kwa mwaka na mkondo. Fomu za kidato cha kwanza tulizipata zote. Za muhula mmoja wa kidato cha pili hazikuonekana hadi leo. Lakini tulipata kitu ambacho sikuwa nimekitafuta, daftari la mahudhurio.

Kidato cha pili Binti hakuwepo shuleni siku 58. Nilinakili tarehe zile, nikaenda nazo nyumbani, nikaziweka pembeni mwa kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo wa mwaka ule. Siku zilizozunguka mwezi mpevu, wakati mitumbwi imepumzika, karibu zote alikuwa darasani. Alama za kutokuwepo zilijaa katika siku za giza, mwezi baada ya mwezi. Nimefundisha miaka mingi kandokando ya ziwa hili na nimeita majina asubuhi mara elfu. Sikuwahi kuwaza kwamba daftari la mahudhurio linaweza kusomwa kwa mwezi.

Mkuu wa shule ya kata akaandika barua ya ukurasa mmoja. Haikuwa na sifa za "mtiifu na mwenye bidii" tunazoziandika kwa kila mtoto. Ilisema kwamba mwanafunzi huyu alifaulu darasa la saba kwa lugha ya Kiswahili. Ikasema mwaka wa kwanza lugha ya kufundishia ilibadilika, na katika ripoti hiyohiyo yenye 28 ya Baiolojia somo pekee lililofundishwa kwa Kiswahili lina 76. Ikataja siku 58 za mwaka wa pili na kazi iliyozisababisha, ikaeleza kwamba mwaka wa tatu kazi hiyo iliondoka naye akaja shule, na ikaweka alama zilizofuata. Mwisho ikakiri kwamba fomu za muhula mmoja zimepotea, na kwamba kosa hilo ni la shule. Sentensi hiyo mkuu aliiweka kwa hiari yake, nikamheshimu sana.

Uamuzi wa tano ulikuwa wa insha. Kwa kuwa barua ya shule sasa imebeba historia ya alama, Binti hakulazimika kuibeba yeye. Katika mwaka wa kusubiri alikuwa akifundisha tuisheni watoto wa kidato cha kwanza chini ya mwembe wa shangazi, kwa ule mtindo wa safu mbili. Akaandika juu ya kijana mmoja aliyejaza safu ya kulia ya neno la Kiingereza la usanisinuru kwa maneno "jani linapika ugali wake kwa jua", na jinsi yeye alivyokaa usiku akijiuliza kama hilo ni kosa au ndiyo maana yenyewe. Nilirekebisha koma tu.

Tulibadili pia orodha ya vyuo. Mara ya kwanza vitano kati ya vinane vilikuwa vile vinavyokataa zaidi ya waombaji tisa katika kila kumi. Nilivichagua kwa sababu ya fedha: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimetangaza kwamba kuomba msaada hakumpunguzii nafasi mwombaji, hata wa kutoka nje, na akikubaliwa hulipiwa kadiri ya uhitaji wake. Ni kweli, lakini Harvard hukubali chini ya watu 5 katika kila 100. Mara ya pili tuliacha viwili tu vya kundi hilo, na saba vikawa vyuo vidogo visivyojulikana huku kwetu, ambavyo tulithibitisha kwa maandishi kwamba humlipia gharama zote mwanafunzi wa kigeni vinayemchagua. Na SAT akarudia, sasa akiwa amefanya mazoezi ya miezi mitano kwenye kompyuta ya maktaba: 1330.

Matokeo

Vyuo tisa: sita vilikataa, viwili vilimweka kwenye orodha ya kusubiri, kimoja kilimkubali na kulipa ada, chakula, malazi na bima, katika jimbo la katikati ya Marekani. Aliondoka Agosti. Muhula wa kwanza alipata B ya Baiolojia na C ya Kemia, akaniandikia kwamba C ile imemuuma na amekwisha kujua ofisi ya mwalimu wake iko ghorofa ya ngapi.

Uchambuzi

Vyuo havisemi kwa nini vimekubali au vimekataa, kwa hiyo siwezi kumwambia msomaji kwamba barua ya shule ndiyo iliyofungua mlango. Kati ya maombi ya kwanza na ya pili vilibadilika vitu vingi kwa pamoja: matokeo halisi ya kidato cha sita badala ya makadirio ya walimu, SAT iliyopanda kwa pointi 140, orodha ya vyuo yenye akili zaidi, insha iliyo hai. Ningelazimishwa kuvipanga kwa uzito, ningeanza na orodha ya vyuo na matokeo ya kidato cha sita. Mzazi asidhani barua nzuri inafuta F. Alama za baadaye ndizo zilizofanya kazi kubwa, na bila daraja la kwanza la kidato cha nne na cha sita barua ile ingekuwa maelezo ya huzuni tu.

Hata hivyo juu ya alama za mwanzo zenyewe nimefikia msimamo. Kuzificha kulimdhoofisha. Ukiondoa kidato cha kwanza na cha pili, anayebaki kwenye karatasi ni mwanafunzi aliyeanza kwa wastani wa 52 kidato cha tatu na kumaliza vizuri. Wa namna hiyo ni wengi, na vyuo vile vina maelfu ya wenye alama za juu mwanzo mwisho. Ukizirudisha, anaonekana mtu aliyetoka 28 hadi B katika somo lilelile, na sababu inaonekana, na kuondoka kwa sababu hiyo kunaonekana pia. Niliondoa kwenye bahasha kitu pekee kilichomtofautisha.

Kosa la pili lilikuwa la nani anaeleza. Mara ya kwanza Binti alijieleza mwenyewe katika insha, kwa kusihi. Mtoto anayejitetea kwa alama zake hata akisema kweli husikika anaomba radhi, na hutumia maneno yake 650 kuzungumzia mwaka aliokuwa na miaka kumi na minne. Shule ikisema jambo hilohilo kwa tarehe na takwimu za daftari lake, linakuwa taarifa. Fomu za maombi zina nafasi ya taarifa za ziada ambapo mwombaji anaweza kutaja hali iliyomkwamisha, na kwa mtoto ambaye shule yake haiwezi kuandika, hapo ndipo pa kuiweka, kwa sentensi nne au tano kavu. Insha ibaki kwa ajili ya yeye ni nani sasa.

Hapa pana ugumu wa mfumo wetu ambao sijauona ukizungumzwa. Mwanafunzi wa Tanzania mara nyingi husoma kidato cha kwanza hadi cha nne shule moja, kisha cha tano na cha sita shule nyingine, mkoa mwingine. Chuo cha Marekani humwomba mshauri mmoja wa shule aeleze miaka yote. Mkuu wa shule ya bweni aliyetuandikia mara ya kwanza alimjua Binti kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuwa na njia ya kujua habari za dagaa, wala za safu mbili. Barua yake haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyeingia ngoma ikiwa imekwisha kukolea. Anayemsaidia mwombaji wa namna hii aombe barua mbili tangu mwanzo, ya shule ya sasa kama barua rasmi, na ya shule ya awali kama nyongeza.

Juu ya lugha, nimeanza kuzisoma ripoti za kidato cha kwanza kwa namna nyingine. Ripoti yenye Kiswahili 76 na Baiolojia 28 si ripoti ya mtoto dhaifu wa Baiolojia, au angalau haijathibitisha hivyo. Inaonyesha mtoto anayeweza kusoma, kupanga hoja na kukumbuka pale anapoelewa kinachosemwa. Ripoti yenye 30 kila mahali, Kiswahili ndani yake, inauliza swali tofauti: macho, njaa, nyumbani, au mtoto hajui kusoma vizuri kwa lugha yoyote. Kwa walimu wa taaluma nadhani tofauti hii ina thamani kuliko nafasi ya mtoto darasani, ambayo ndiyo tunayoiandika kwa wino mwekundu.

Na athari moja ya lugha ile haikuisha kidato cha tatu. Hisabati ya kidato cha kwanza, 19, iliacha mashimo ambayo C ya kidato cha nne iliyafunika bila kuyajaza. Yalionekana kwenye SAT ya kwanza, na ninavyomsikiliza sasa, yamo ndani ya C ya Kemia. Gharama hiyo ya mwanzo mbaya haipo katika fomu yoyote ya maombi, na hakuna barua inayoweza kuiondoa. Ningempata tena kidato cha tatu, ningerudi naye kwenye Hisabati ya sehemu na uwiano kabla ya kitu kingine chochote.

Mwaka wa kusubiri ulifaa kwake kwa sababu ulikuwa na mwisho uliokubaliwa, ulikuwa na kazi ya kufanya, na mlango wa nyumbani ulibaki wazi. Nimeona vijana wengine wakisubiri Marekani miaka mitatu hadi matokeo yao yakachakaa mikononi. Angekataliwa na vyuo vyote tisa angekuwa leo anasoma hapa nchini kama tulivyopanga, na nisingeiita hadithi ya kushindwa.

Katika shule ya kata, mwalimu wa taaluma ametoa fomu za alama stoo na kuziweka katika mapipa ya plastiki yenye mifuniko, kila mwaka na pipa lake. Fomu za muhula uliopotea bado anazitafuta.

Mdogo wake Binti yuko kidato cha kwanza mwaka huu. Ripoti yake ya Juni ninayo hapa mezani: Kiswahili 72, Baiolojia 31, Hisabati 22. Mama aliipiga picha siku ileile ilipotoka, akanitumia pamoja na ujumbe kwamba asubuhi za giza mtoto anakwenda shule, vichanja wanavimudu wenyewe. Jumamosi anakuja na daftari. Nimemwambia achore mstari katikati ya kila ukurasa kabla hajafika, na tutaanza na sehemu.